3.45678e+07 ni pesa ya chama au ni nini?

MwekaHazina_Busia
Habari zenu wakubwa. Ninaweka hesabu za chama cha akina mama wauza samaki hapa Busia, upande wa Uganda. Mpwa wangu anasoma C++, lugha ya kuandikia programu, akaniandikia programu ya kujumlisha akiba. Kwenye daftari tuna shilingi 34,567,850. Programu ikatoa 3.45678e+07. Akairekebisha ioneshe tarakimu zote, ikaja 34567848. Shilingi 2 zimekwenda wapi? Kompyuta sikuisomea, lakini siwezi kusimama mbele ya wanachama na jumla isiyolingana na daftari. Na hiyo e ni nini?

Fundi_Tororo
Dada, e+07 maana yake zidisha kwa kumi mara saba, yaani sogeza nukta hatua saba kulia. Ingekuwa e-07 ungeisogeza kushoto. Halafu cout, amri ya C++ ya kuonesha matokeo, isipoambiwa vingine huonesha tarakimu 6 tu, kwa hiyo mkia ulikatwa kwenye kuonesha. Zile shilingi 2 ni jambo jingine kabisa. Jumla ameiweka kwenye float, aina ya namba zenye nukta?

MwekaHazina_Busia
Ndiyo, naona "float jumla".

Mwalimu_Arua
Basi ni hiyo float. Ina biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1: moja ya alama ya chanya au hasi, 8 za kipeo (nukta ikae wapi), 23 za tarakimu. Ifikirie kama rula ambayo mistari yake imebanana karibu na sifuri na kuachana kadiri unavyokwenda mbali. Namba nzima zinakaa zote hadi 16,777,216. Ukivuka hapo zinakaa mbili mbili, na ukivuka 33,554,432, nne nne. Kwa hiyo kuna mstari wa 34,567,848 na wa 34,567,852. Wa 850 haupo.

Double, ndugu mkubwa wa float, ingewatosha, inashika kila namba nzima hadi 9,007,199,254,740,992. Hata hivyo pesa za watu nisingeziweka humo. Kwa mfumo wa mbili wa kompyuta, wa 0 na 1 tu, 0.1 haiishi kuandikwa, kama theluthi kwa desimali. Ndiyo maana 0.1 + 0.2 kwa double ni 0.30000000000000004. Shilingi yetu senti hatuzitumii, mwambie kijana aandike long long, aina ya namba nzima zisizo na nukta.

MwekaHazina_Busia
Amebadilisha, imetoa 34567850! Asante sana mwalimu. Na riba ya asilimia 3 je?

Mwalimu_Arua
Azidishe kwa 3 kwanza, ndipo agawanye kwa 100. Akianza kugawanya, namba nzima itapoteza mabaki mapema. Mabaki ya mwisho atayapata kwa alama ya %, ambayo kwenye C++ hutoa mabaki, si asilimia, na yaende wapi mkubaliane kwenye kikao.