Nimetolewa matiti kabla ya kuugua, mbona sina amani?

Mama_Nguba: Jambo wapendwa. Niko Bukavu, nina miaka 38. Mama alikufa kwa kansa ya matiti, mama mdogo kwa kansa ya ovari (vifuko vya mayai ya uzazi). Yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) aliyeko Ubelgiji alipima damu, akakutwa na jeni ya BRCA1 yenye hitilafu, ile ya kurithi inayoleta hatari ya kansa hizo. Nami nikapima: ninayo. Nikaenda India, wakatoa matiti yote mawili, mazima kabisa.

Najua nilifanya vema, lakini nalia. Kifua hakisikii kitu, hata mtoto akiegemea. Nikisema nina huzuni, shangazi anajibu: "Si uko hai?" Kanisani wananong'ona kwamba nimemkosoa Muumba. Mume ni mwema, ila nikivaa anageukia ukuta. Sasa daktari anataka na ovari zitoke kabla sijafika 40. Na mdogo wangu anaolewa mwezi wa nane. Nimwambie?

Furaha_Kadutu: Pole sana mama. Huo ni msiba, ila haukuwekewa matanga. Lia tu. Mdogo wako mwache aolewe kwanza. Wakwe wakisikia "kansa ya ukoo", unajua watakavyosema.

Kaka_Goma: Samahani, kukata kiungo kizima si kukosa imani?

Muuguzi_Ibanda: Kaka, kwa wenye BRCA1 uwezekano wa kansa ya matiti maishani unapita asilimia 60. Upasuaji unaupunguza kwa takriban asilimia 90. Na baba pia huirithisha jeni hiyo, kwa hiyo ulizia na kwenu.

Mama, kansa ya ovari haina kipimo cha kuaminika cha kuiwahi, ndiyo maana wanashauri zitoke kati ya miaka 35 na 40. Lakini hedhi itakatika ghafla: joto la mwili, usingizi kupotea, hasira, hamu ya ndoa kushuka. Uliza habari za dawa za homoni kabla ya kulazwa. Asiyewahi kuugua kansa ya matiti mara nyingi huruhusiwa kuzitumia. Nenda na mume, asikie mwenyewe.

Yaya_Lubumbashi: Mimi nilikatwa titi kwa kansa yenyewe. Wangu naye aligeukia ukuta. Kumbe aliogopa kuniumiza. Nilichukua mkono wake nikauweka kwenye kovu. Tulilia wote, tukaanza kuongea. Mdogo wako mwambie kabla ya harusi. Uwezekano wa yeye kuwa na jeni hiyo ni nusu kwa nusu. Kupima au kutopima aamue yeye.

Mama_Nguba: Asanteni. Kwa mume nitajaribu hilo la mkono. Furaha, kuhusu mdogo wangu hujanishawishi: wakwe wa kukimbia ni heri wakimbie kabla ya mahari.