Mbwa wangu ananusa kwale vizuri, lakini kanga anayeatamia anampita. Tatizo ni pua?

Mzee_wa_Pongwe:
Wakuu, heshima kwenu. Nafuga kanga huku Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, jirani na shamba la mkonge lililoachwa likawa pori. Waliofuga kanga wanajua adha yake: kuku anatagia bandani, kanga anatagia anakotaka yeye, tena anaficha. Masika yakianza majike yanapotelea chini ya mikonge, na usipowahi, kenge na nguchiro wanamaliza mayai, wakati mwingine na mama mwenyewe.

Nina mbwa anaitwa Doria, chotara wa Pointer, jamii iliyokuzwa Uingereza kwa kazi ya kutafuta ndege. Kwale hawamshindi. Akiipata harufu anainua pua, anasimama kimya, mguu mmoja wa mbele juu, mkia umekaza, hasogei mpaka nifike. Lakini majuzi kampita kanga anayeatamia, karibu kabisa, ningenyoosha mkono ningemshika, na wala hakugeuza shingo. Mimi ndiye niliyemwona, yale madoa yake meupe yamechanganyika na mwanga unaopenya kwenye majani. Na siyo mara ya kwanza. Pua imeharibika au kuna sababu nyingine? Nampenda mbwa huyu, na kanga hao wananitia huruma.

Kusi_na_Kaskazi:
Shikamoo mzee. Mlitoka saa ngapi?

Mzee_wa_Pongwe:
Marahaba. Saa nne hivi, jua limeshapanda.

Kusi_na_Kaskazi:
Hapo pa kuanzia. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kutweta. Akitweta hewa inapitia mdomoni, na kunusa kunataka mdomo ufungwe, avute pumzi fupifupi puani. Akizidiwa na joto, atachagua kujipoza. Saa nne ya Tanga, ndani ya mikonge ambako hakuna hata upepo, mbwa yule ameshachoka kabla hajaanza kazi. Toka naye alfajiri umande ukiwa bado chini, kwa sababu harufu inakaa vizuri penye unyevu kuliko kwenye mchanga uliokauka. Beba na maji.

Halafu tazama upepo. Pointer hainamii nyayo sana, kazi yake ni kunusa hewani. Mwingize shambani kutoka upande ambao upepo unamjia usoni. Kwetu pwani alfajiri mara nyingi unatoka bara, jua likipanda unageuka unatoka baharini, kwa hiyo njia iliyofaa asubuhi mchana haifai. Kusi ikiwa kali ndiyo usijisumbue, harufu inatawanywa ovyo.

Dokta_Mifugo:
Ya joto na upepo nakubaliana nayo, ila kwangu sababu kubwa ni kanga mwenyewe.

Ndege ana tezi juu ya mkia inayotoa mafuta. Mnamwona anadonoa pale kiunoni kisha anajipaka manyoyani. Watafiti wa Uholanzi waliwachunguza ndege wa jamii ya vitwitwi wanaotaga chini, wakakuta kwamba wakati wa kuatamia mafuta hayo yanabadilika, yanakuwa mazito yasiyopaa hewani kirahisi. Mwaka 2005 wakachapisha jaribio walilofanya na mbwa aliyefunzwa kunusa: mafuta ya wakati wa kuatamia yalimpa shida zaidi kuyatambua. Hao hawakuwa kanga, lakini ndege anayekaa chini wiki nne bila ulinzi anafaidika sana akiwa na harufu ndogo.

Ongeza na hili: anayeatamia hatembei. Kwale wako anaparua, anakunya, anaacha njia mbichi ya harufu. Kanga amejibana juu ya mayai, hasogei. Mbwa ana chembe za kunusia zaidi ya milioni 200, sisi tunakadiriwa kuwa na milioni tano au sita tu, lakini harufu isiyotoka hainusiki.

Hata hivyo nijibu: amewahi kutokwa damu puani? Homa ya kupe inaleta hilo. Na amepewa dawa gani karibuni? Metronidazole, ile ya kuharisha, imeonekana kupunguza uwezo wa kunusa kwa baadhi ya mbwa wa kutafuta mabomu.

BintiPangani:
Shikamoo baba. Mimi nauza mayai ya kanga. Wateja wetu wengi ni Waislamu, yai lililoguswa na mate ya mbwa hawalitaki, na wana haki. Huyo wako anasimama, haokoti. Basi asifundishwe kuokota kabisa.

Jike hutoka kiotani kidogo kwenda kula. Ukimwona amejitokeza peke yake, ana haraka, mwache arudi, kisha mbwa aifuate njia yake ikiwa mbichi. Na usichukue mayai yote, atahama.

Mluguru_Mtulivu:
Nimeishi Morogoro, nimewaona panya buku wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) wakifundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Akipatia anapewa ndizi papo hapo, siyo baadaye. Mzee, mpeleke Doria kwenye kiota unachokijua, jike akiwa ametoka. Akielekeza pua tu, mpe nyama. Anajua harufu ya kwale kwa sababu ndiyo aliyoizoea, ya kiota hajui kama unaitaka.

Kusi_na_Kaskazi:
Na kwale wa porini asikamate, mzee. Huo ni uwindaji, unataka leseni kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009.

Mzee_wa_Pongwe:
Nawashukuru sana wanangu. Kwale hawagusi, anasimama tu. Dokta, damu hakuna, na dawa aliyopewa ni ya kupe ya kupaka. Nitamjuaje kwa hakika kwamba pua ni nzima?

Dokta_Mifugo:
Panga maboksi matupu uani jioni pakiwa na ubaridi, moja weka manyoya ya kanga na kinyesi chake kidogo, yeye akiwa amefungiwa ndani asione. Badilisha boksi kila unaporudia. Shika mengine pia, isije akafuata harufu ya mikono yako. Akilipata mara nyingi, rudi naye mkongeni alfajiri. Akilikosa, mlete nimpime damu.