Bastola ikiua kwenye seti, nani anabeba mzigo?

Mbeba_Mikoba ameuliza:

Wakuu, naomba msaada kabla sijatoa neno langu.

Mimi ni mtu wa vifaa. Mwaka wa sita huu kazi yangu ni glasi, miwani ya mhusika, simu isiyoita, barua inayochanwa mara nane kwa sababu mwongozaji hajaridhika. Wiki iliyopita mtayarishaji wa filamu fupi tunayoanza kuipiga mwezi ujao aliniita pembeni. Kuna matukio manne ya bastola, akasema, "na wewe ndiye utakayeisimamia." Nikamuuliza mtunza silaha ni nani. Akacheka. "Si wewe? Uliwahi kuwa mlinzi."

Ni kweli, nililinda ghala miezi kumi na moja. Bunduki niliyopewa haikuwa na risasi hata moja; niliitumia kuegemea.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza: likitokea la kutokea, nani anajibu? Mwigizaji aliyevuta triga, mimi niliyemkabidhi, msaidizi wa mwongozaji aliyetangaza kwamba iko salama, au mtayarishaji aliyebana matumizi? La pili: mwongozaji wetu anataka bastola halisi na risasi baridi, kwa madai kwamba mwigizaji akisikia mshindo wa kweli, uso wake haudanganyi. Anasema risasi baridi haina kichwa, kwa hiyo haiui. Yuko sahihi?

Nimepitia habari za ile kesi ya Rust, filamu ya Marekani ambayo mpiga picha wake aliuawa kwa bastola kwenye seti, na nilichoona ni kila mtu kumsukumia mwenzake.

---

Fundi_Mtutu:

Mkuu, nianze na swali la pili maana ndilo linaloua watu.

Hayuko sahihi. Risasi baridi haina kichwa lakini baruti imo, na kinachotoka mtutuni ni gesi ya moto yenye kasi ya kutisha pamoja na kizibo kilichoishikilia baruti. Jon-Erik Hexum, mwigizaji wa miaka 26, Oktoba 1984 alikuwa anasubiri tukio lililocheleweshwa. Akaanza mchezo: akaelekeza bastola yenye risasi baridi kwenye panda la uso wake, akavuta triga. Mlipuko ulivunja fuvu na kusukuma kipande cha mfupa ndani ya ubongo. Alifariki siku sita baadaye. Hapakuwa na kichwa cha risasi popote.

Halafu lugha. Sisi tunaita "risasi baridi" ile yenye baruti isiyo na kichwa. Kwenye seti za Marekani wakitangaza bastola ni "baridi", maana yake haina baruti kabisa. Neno lilelile, maana mbili tofauti. Kabla hujakubali kazi, kubalianeni maneno, tena kwa maandishi.

Ya mwigizaji Brandon Lee inafundisha zaidi, kwa sababu pale hakuna aliyecheza. Machi 1993, Wilmington, North Carolina, filamu ya The Crow. Walihitaji risasi bandia kwa picha ya karibu, zile zenye kichwa kinachoonekana kwenye silinda lakini hazina baruti. Zikatengenezwa kutoka kwa risasi halisi: wakang'oa vichwa, wakamwaga baruti, wakarudisha vichwa. Fataki ya kitakoni, ile inayowasha baruti, wakaiacha hai. Wakati fulani bastola ile ikafyatuliwa, na nguvu ndogo ya fataki ikasukuma kichwa hadi ndani ya mtutu kikakwama humo. Hakuna aliyechungulia. Baadaye bastola ileile ikajazwa risasi baridi kwa tukio jingine, na gesi ikakitoa kile kichwa kilichokwama kana kwamba ni risasi halisi. Kikamuua Lee, akiwa na miaka 28. Mtaalamu wa silaha alikuwa ameshaachiwa kuondoka.

Hesabu mwenyewe ni mikono mingapi ilipita pale. Aliyetengeneza, aliyefyatua, ambaye hakukagua mtutu, aliyemruhusu mtaalamu aondoke. Hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa kwa jinai.

---

Jukwaani_Daima:

Mimi ni mwigizaji na nitasema ambalo wengi hawataki kulisikia: mwigizaji asibebeshwe hili. Nikifungwa kamba ili niruke kutoka ghorofani, sikagui mafundo. Kuna mtu analipwa kwa kazi hiyo. Akili yangu iko kwenye mistari, kwenye machozi, kwenye alama ya sakafuni ninapopaswa kusimama. Hata chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kilisema wazi kwamba kazi ya mwigizaji si kuwa mtaalamu wa silaha. Alec Baldwin, mwigizaji aliyeishika bastola kwenye Rust, aliambiwa ni baridi. Angefanya nini zaidi?

---

Fundi_Mtutu:

Dada, nakuheshimu, na nusu ya maneno yako nayaunga mkono. Sitaki hata mwigizaji afungue silinda peke yake na kuanza kuchokonoa risasi, maana atavuruga nilichokagua. Lakini mfano wa kamba haukai. Kamba ikikatika unaanguka wewe. Bastola ikifyatuka anaanguka mwingine.

Angefanya nini? Mambo mawili. Aombe mtunza silaha amfungulie silinda mbele ya macho yake, jambo la dakika moja. Na asielekeze mtutu kwa mtu. Miongozo ya usalama ya Hollywood yenyewe inasema usimwelekezee mtu silaha, na kwamba risasi za moto zisiletwe seti hata kidogo. Kama picha inadai mtutu utazame kamera, kamera inaweza kuachwa ijiendeshe na watu wakakaa pembeni.

Na siku ile ya Rust kamera hata haikuwa inarekodi! Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Tarehe 21 Oktoba 2021, ndani ya kanisa la mbao la kuigizia karibu na Santa Fe, walikuwa wanapanga picha na kujaribu jinsi bastola itakavyochomolewa. Kwa zoezi kama hilo bastola ya mpira ingetosha kabisa. Risasi ilimpenya Halyna Hutchins, mpiga picha mkuu, ikaishia begani kwa mwongozaji Joel Souza. Mama yule alikuwa na miaka 42.

---

Kona_ya_Sheria:

Nijibu swali la kwanza kwa kutazama nani alipata nini kwenye Rust, maana watu wanachanganya.

Mtunza silaha, Hannah Gutierrez-Reed, alitiwa hatiani Machi 2024 kwa kuua bila kukusudia, akapewa miezi 18 jela. Msaidizi wa kwanza wa mwongozaji, David Halls, ndiye aliyetangaza kwamba bastola ni baridi. Aliwaeleza wapelelezi kwamba alipaswa kukagua risasi zote na hakufanya hivyo. Yeye hakupinga shtaka la kutumia silaha kwa uzembe na akapata kifungo cha nje cha miezi sita. Alec Baldwin alishtakiwa, akafutiwa, akashtakiwa tena, na kesi ikafutwa Julai 2024 katikati ya usikilizwaji. Hapa ndipo watu wanapoteleza: jaji hakusema Baldwin hana makosa. Aliifuta kwa sababu upande wa mashtaka haukuwapa mawakili wa utetezi ushahidi wa risasi zilizokabidhiwa polisi, na aliifuta kwa namna ambayo haiwezi kufunguliwa upya.

Kampuni iliyotengeneza filamu ilipigwa faini ya juu kabisa na idara ya usalama kazini ya New Mexico, dola 136,793. Baadaye wakapatana kwa dola 100,000. Mume wa Hutchins naye alifungua madai yake upande wa fidia na kufikia makubaliano.

Kwa hiyo, Mbeba_Mikoba, lawama haigawanywi kama keki, kwamba mwenzako akichukua kipande kikubwa chako kinapungua. Kwenye fidia mahakama huuliza nani alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu na hakuutimiza, na wanaweza kuwa wanne kwa pamoja. Kwenye jinai kipimo kiko juu zaidi: uzembe uliopita kusahau kwa kawaida, wa mtu aliyeiona hatari au aliyepaswa kuiona akaipuuza. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, lakini swali hilo utalikuta karibu kila mahali.

Na usome hili mara mbili: yule binti wa Rust alikuwa na kazi mbili, silaha na usaidizi wa vifaa. Alilalamika kwamba muda wa silaha hautoshi. Siku chache kabla, silaha zilikuwa zimefyatuka kwa bahati mbaya hapo seti, na saa chache kabla ya kifo, baadhi ya wapiga picha walikuwa wameondoka kwa kulalamikia hali ya kazi. Hayo yote yalitajwa, na bado aliyekwenda jela ni yeye.

---

Mbeba_Mikoba:

Kona_ya_Sheria, hapo kwenye kazi mbili nimesoma mara tatu, si mbili.

Fundi, nikuulize la kiutendaji. Tuseme wamekataa kila kitu na risasi bandia zimeletwa. Unazitofautishaje na za moto? Kwa macho si zinafanana?

---

Fundi_Mtutu:

Zinafanana ndiyo, ndiyo maana ya kuitwa bandia. Baadhi hutobolewa tundu ubavuni, hizo unaziona. Nyingine huwekewa kigololi cha chuma ndani ya ganda. Unaishika moja kwa vidole viwili, unaipeleka sikioni, unatikisa. Ikilia chaka-chaka, ina kigololi. Ikiwa kimya, unaiweka kando na hairudi mezani. Moja moja. Usitikise kiganja kizima, maana ya jirani itaisemea iliyo bubu.

Niliwahi kupokea mkanda wa risasi ishirini na nne. Ishirini na tatu zikalia, moja kimya. Nikasimamisha kazi dakika arobaini, watu sitini wamekaa, mwongozaji ananitazama kama nimemwibia mke. Tulipokuja kuifungua, kigololi kilikuwa kimenasa kwenye gundi tu. Nilichekwa hadi jioni, na mtayarishaji yule hakuniita tena.

Lakini nisikilize: mimi kukueleza kwa maandishi hakukufanyi uwe mtunza silaha. Kwenye Rust zilipatikana risasi sita za moto zilizochanganyika na bandia, na waliozipitishia macho wote walidhani wanajua wanachokitazama.

---

Jukwaani_Daima:

Haya, Fundi, kwenye silinda nimekubali. Nitaomba nifunguliwe mbele yangu, na nikionekana msumbufu basi. Ila wanaoweka ratiba nao waache kutuimbia "haraka, jua linazama" kila mtu anapotaka kuangalia kitu.

---

Mbeba_Mikoba:

Mrejesho, wakuu.

Jana nilimwandikia mtayarishaji: ama aajiri mtunza silaha asiye na kazi nyingine yoyote, ama tutumie bastola ya mpira, na moshi na mshindo viongezwe wakati wa kuhariri. Mwongozaji akanipigia akiwa amekasirika, akasema namuulia filamu. Nikamwomba anitajie tukio hata moja kati ya yale manne ambamo mtazamaji anaona ndani ya mtutu. Akanyamaza, akasema atalitazama andiko upya.

Mtayarishaji kajibu neno moja: "Tutaona."

Leo asubuhi nimetuma orodha ya vifaa kama kawaida. Kwenye mstari wa bastola nimeandika "za mpira, mbili". Chini kuna nafasi ya sahihi ya mtunza silaha. Nimeiacha wazi.