Kinubi na kroshia: kidole gumba kinauma

Habari zenu. Nina kinubi cha nyuzi 34, nafanya mazoezi kila siku, na jioni nafuma kroshia; sasa ni blanketi la mtoto wa dada yangu. Wiki ya tatu hii shina la gumba la kulia linauma, asubuhi mkono mzito. Sitaki kuacha hata kimoja. Mnafanyaje?

Jibu:
Pole sana. Unakichosha kidole kilekile mara mbili. Kwenye kinubi gumba na vidole vitatu ndivyo vinavyofanya kazi (kidole kidogo hakitumiki), kisha jioni gumba hilohilo linabana sindano ya kroshia. Mimi napiga asubuhi, nafuma baada ya saa kadhaa, dakika 15 tu kisha nainuka. Sindano nimeivika mpini mnene wa mpira, na hapo ndipo nilipoona nafuu kubwa, maana nyembamba inakulazimisha kubana. Kwenye kinubi, ukishavuta uzi funga vidole hadi kiganjani, halafu viache vilegee. Wengi tunabaki tumekakamaa.

Jibu:
Mimi nadarizi. Ncha ya kidole ikichomwa sindano, kesho yake nyuzi za kinubi zinaumiza kweli. Sishoni bila kastabini.

Muulizaji:
Asanteni! Jana nilifuma kwa muda wa saa mbili bila kupumzika. Na usiku vidole viwili vinakufa ganzi, je?

Jibu:
Ganzi si ya kuvumilia, ndugu yangu. Weka vyote chini, umwone daktari wiki hii. Blanketi litangoja.