Kutoka Songwe hadi Guangzhou: umbali na muda wa safari

Mfanyabiashara, Mwanjelwa
Habari zenu, ndugu zangu. Ninajiandaa kwenda Guangzhou kununua vipuri vya mashine za kusaga na kukoboa, na ningependa kuanzia safari Uwanja wa Ndege wa Songwe badala ya kupanda basi hadi Dar es Salaam. Kikokotoo cha mtandaoni kinaonyesha takriban kilomita 9,400 na saa kumi na moja za kuruka, lakini ratiba niliyopewa, nikihesabu tangu kuondoka hadi kufika, inazidi saa ishirini. Tofauti hiyo inatoka wapi, na je, kupitia Dar kunanizungusha sana?

Msomaji, Iringa
Kilomita hizo ni sahihi, ila saa ni za ndege isiyokuwapo: kikokotoo huchukua njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia na kuigawa kwa mwendo wa kilomita 850 hivi kwa saa, kana kwamba unaruka kutoka Songwe moja kwa moja. Kuhusu Dar, ondoa shaka. Songwe hadi Dar ni karibu kilomita 690, na Dar hadi Guangzhou karibu 8,700. Zijumlishe uone kwamba ni zilezile 9,400, kwa sababu Dar iko karibu kabisa na njia hiyo fupi. Anayezunguka ni anayeunganisha ndege Addis Ababa au Dubai, ambaye tangu Dar hufikisha takriban 9,800, na wa Doha hukaribia 10,000. Hata hivyo, nyongeza hiyo ni kama saa moja au moja na nusu tu angani. Kinachokula muda ni kusubiri ndege ya pili.

Mkazi, Uyole
Nakubaliana na ndugu yetu wa Iringa, ila kuna jambo la saa za nchi. China iko mbele yetu kwa saa tano, na tiketi huandika saa za mahali husika. Tuseme ndege inaondoka Dar 10:00, yaani saa nne asubuhi, na kuruka kwa saa kumi na moja: kwa saa zetu itatua saa tatu usiku, lakini tiketi itaandika 02:00 ya siku inayofuata, nawe utadhani umeruka saa kumi na sita. Wakati wa kurudi, safari ileile itaonekana kuwa ya saa sita, ingawa miezi ya Desemba hadi Februari pepo kali za juu zivumazo kutoka magharibi huirefusha kidogo.

Mimi ningehofia zaidi ukungu wa Songwe, ambao sisi wa huku hatuhitaji kusimuliwa. Ukinunua tiketi mbili tofauti na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika la pili kwa kawaida halina wajibu wa kukungoja.

Mfanyabiashara, Mwanjelwa
Nawashukuru sana. Je, saa nne za kuunganisha pale Dar zinatosha?

Mkazi, Uyole
Kwa tiketi moja, zinatosha. Kwa tiketi mbili utalazimika kuchukua mizigo yako, kuhama kutoka jengo la safari za ndani hadi Jengo la Tatu na kujiandikisha upya, kwa hiyo ningeshuka Dar siku moja kabla. Basi nalo, kwa kilomita zaidi ya 800 kupitia Kitonga na Mikumi, lingekula siku hiyohiyo.