Mrejesho: yule kuku niliyedhani ana mafua, kumbe anabalehe

Wakuu habari, nimerudi kama nilivyoahidi. Mnakumbuka niliuliza kuhusu kuku wangu wa kienyeji hapa Majengo, Moshi, wana miezi mitatu na ushee, mmoja kaacha kulia piyo piyo kama kifaranga akawa anatoa sauti ya kukwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Nikajua mafua tayari, kidogo nikamwage hela duka la dawa za mifugo.

Basi nikafanya mlivyonielekeza, nikamshika nikamkagua, pua kavu, macho safi, hafungui mdomo kuvuta hewa, na kula anakula kuliko wenzake wote (mlafi huyu). Nikamwacha. Wiki ya tatu hivi saa kumi na moja alfajiri nasikia "kokoo... khhh" inakatikia njiani, nikacheka peke yangu kitandani. Pora bana, jogoo mchanga! Sauti ya kuku inatokea chini kwenye bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafuni, sasa akikua na homoni za kidume zikapanda lazima ibadilike.

Mitetea nayo sauti imeshuka ila taratibu, bila makelele, ile ya kutetea nasubiri wakianza kutaga.

Sasa hivi anawika vizuri kabisa, tatizo jirani ndo kaanza kuulizia Krismasi namuuza bei gani. Shukrani sana wote, hasa mama aliyeniambia niweke hela mfukoni.