Mdogo wangu kapewa mkataba na lebo, asaini au aachane nao?

Dada wa Msamvu:
Wakuu habari za muda huu. Nina mdogo wangu anaimba, yuko Dar, kuna ngoma yake imetrendi kidogo TikTok basi lebo moja (jina naliweka kapuni) ikamwita ofisini ikampa mkataba wa kurasa 14, wote Kiingereza, na dogo Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Miaka 10, mgawanyo wa mapato 60 kwa 40, yeye ndo 40. Chaneli ya YouTube inakuwa yao. Gari la kutembelea wanampa, nyumba Mbezi wanampangishia, kwa hiyo dogo haambiliki, Ijumaa anasaini. Mama anasema Mungu kajibu maombi, mimi roho haijatulia kabisa. Hivi hizi lebo zinawatendea haki wasanii kweli au wasanii ndo wakishatoka kimaisha wanaanza kulalamika? Matusi hapana jamani.

Kinanda Bovu:
Asaini. Video ya maana ni mamilioni, promo ni hela, atatoa wapi? WCB, lebo ya Diamond, iliwatoa kina Harmonize, Rayvanny, Zuchu, nani alikuwa anawajua? Akikomaa na asilimia mia yake peke yake, asilimia mia ya sifuri ni sifuri.

Wakili Msomi wa Mtaani:
Dada, hiyo 60 kwa 40 achana nayo kwanza. Muulize gharama zinakatwa kwenye fungu la nani. Chukulia lebo imetumia milioni 30 kwa dogo, humo kuna video, gari, kodi ya Mbezi, mpaka maji aliyokunywa studio wameandika. Ngoma zikaingiza milioni 20. Lebo inachukua 12 zake inaweka mfukoni, zile 8 za dogo hazifiki kwake, zinaenda kulipa ile 30. Yani lebo ina 12 mkononi na dogo bado anadaiwa 22! Na akimaliza deni lote, masta za nyimbo, yani rekodi zenyewe za studio, bado mali ya lebo. Ni bodaboda ya mkataba ila ukimaliza hesabu pikipiki inabaki kwa bosi.

Adai gharama zitolewe kwenye mapato yote kabla ya kugawana, ziwe na kikomo, na matumizi yasipite bila saini yake. Halafu kwenye kipengele cha kuvunja mkataba, kiasi cha kulipa kiandikwe kabisa. Harmonize alipotoka WCB 2019 alisema mwenyewe hadharani kwamba alitakiwa kulipa milioni 500 na akauza nyumba. Rich Mavoko 2018 ishu yake na WCB ilifika mpaka BASATA, Baraza la Sanaa.

Kinanda Bovu:
Na Harmonize huyohuyo akafungua lebo yake Konde Gang, wasanii nao wakaingia wakatoka. Biashara ndo ilivyo mkuu.

Mzee wa Kanda:
Hii haijaanza leo. Enzi za kanda msanii anaenda kwa msambazaji Kariakoo anapewa hela mara moja, albamu anaiacha hapo mazima, mwenzie anauza miaka. Na msidhani Wamarekani wamepona, kundi la TLC walitangaza kufilisika 1995 huku albamu yao inauzwa mamilioni ya kopi. Taylor Swift masta zake za mwanzo ziliuzwa 2019 pamoja na lebo yake ya zamani, ikabidi arekodi upya albamu nzima nzima, kazipata 2025 kwa kuzinunua. Sasa huyo ana hela ya kununua, dogo wa Msamvu je? Aangalie kama mkataba unamruhusu kurekodi upya nyimbo zake baadaye, na baada ya miaka mingapi.

Chausiku wa Tanga:
Sisi wasikilizaji nao wanatuonea tu mbona hatusemi. 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG waliweka kwenye CD programu inayojiingiza kimyakimya kwenye kompyuta ya mtu, na mtu kanunua CD halali kwa hela yake! 2024 Universal, kampuni nyingine ya muziki, wakagombana na TikTok, nyimbo zao zikatolewa, video za watu zikabaki bubu miezi kadhaa. Kosa la aliyeposti harusi ya dada yake ni lipi?
Ila Kenya nimewapenda, sheria ya 2022 ilisema hela ya miito ya simu (ile ngoma anayosikia anayekupigia) msanii asipate chini ya 52%. Kumbe ikiandikwa inawezekana.

Dada wa Msamvu:
Asanteni wakuu, nimeelewa zaidi ya nilivyotegemea. Dogo kanitumia picha za kurasa WhatsApp, nimesoma na dikshonari pembeni mpaka macho yanauma. Gharama zote ni fungu lake, kama Wakili alivyosema. Shoo wanachukua, matangazo wanachukua. Halafu ukurasa wa 9 unasema jina la kisanii ni mali ya lebo hata mkataba ukiisha.

Wakili Msomi wa Mtaani:
Jina kapewa na wao?

Dada wa Msamvu:
Wapi! Analitumia toka sekondari.

Wakili Msomi wa Mtaani:
Basi kesho asubuhi aombe kulisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, kwa jina lake yeye. Nyimbo alizonazo azipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na hiyo Ijumaa awaambie wakili wake bado anasoma. Huo ukurasa wa 9 nitumie PM nitausoma bila malipo.

Kinanda Bovu:
Hapo kwenye jina hata mimi nimegoma.